Sauti Moja kwa Watu Wanane

Filamu ya Quentin Tarantino iitwayo The Hateful Eight haina steringi. Kwa aliyezoea kutazama muvi kwenye banda umiza, hilo si jambo dogo. Anayechelewa kuingia bandani huuliza kwanza steringi ni yupi, na akishaonyeshwa anajua amshangilie nani na amsubirie nani kifo. Katika filamu hii watu wanane wamezuiwa na dhoruba ya theluji ndani ya nyumba moja ya wasafiri, milimani Wyoming, miaka michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kila mmoja ana sababu ya kushukiwa. Wanaongea kwa muda mrefu kabla damu haijamwagika, na kinachosemwa sehemu kubwa ni uongo.

Filamu ya namna hiyo ndiyo inayomfichua mtafsiri, yule anayetusimulia muvi kwa Kiswahili bandani. Muvi ya mapigano inaweza kumbeba hata asiye na kipaji, maana risasi hazihitaji mkalimani. Lakini watu wanane waliokaa kuzunguka moto wakitegana kwa maneno, kwa Kiingereza cha karne ya 19 chenye lafudhi za kusini mwa Marekani, Uingereza na Meksiko, watamwacha mtafsiri mvivu bila la kusema baada ya dakika kumi.

Nilimsikia kijana mmoja akiifanya kazi hiyo Malolo, wilayani Kilosa, upande ule ambao ukitoka barabara kuu ya Iringa unaingilia Ruaha Mbuyuni. Malolo ni bonde la vitunguu na mpunga, linanyweshwa na mto Mwega, na jioni wanaojaa bandani ni watu waliotoka kuinama mashambani. Wamelipa kiingilio na wamechoka. Mtafsiri akiwapoteza kwa dakika mbili wanaanza kupiga soga. Yule kijana hakuwapoteza, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza alifanyaje.

Kazi yenyewe ina ukoo mrefu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Filamu zilitembezwa kwa lori, na maneno yalitoka kwenye santuri kwa lugha za wenyeji. Japani nao, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuzungumza kwa niaba ya waigizaji wote. Kaka yake mwongozaji wa filamu Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Uganda kuna VJ Jingo na wenzake, Kenya kuna DJ Afro. Kwetu Tanzania jina la kuanzia ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye kanda zake za VHS zilizunguka nchi nzima, kisha wakaja kina DJ Mack na DJ Murphy. Mtaalamu wa Kijerumani, Matthias Krings, aliandika makala juu ya sanaa hii, na katika kichwa cha makala hiyo akaiita kazi ya kugeuza wali kuwa pilau. Ni sifa nzuri. Ila muvi hii ya theluji inadai ustadi wa aina nyingine, wa kujua wakati wa kutotia viungo.

Tuanze na macho. Tarantino aliipiga filamu hii kwa ukanda wa milimita 70, kwa lenzi za mfumo wa Ultra Panavision uliokuwa haujatumika tangu Khartoum, filamu ya 1966 kuhusu vita vya Mahdi kule Sudani. Upana wa picha unakaribia mara tatu ya kimo chake. Watu wengi walishangaa: kwa nini uchukue lenzi ya majangwa na majeshi uifungie ndani ya chumba? Jibu linaonekana ukitulia. Wawili wanapozungumza mbele, unawaona pia waliokaa nyuma, nani kainua kikombe, nani kasogea karibu na jiko. Chumba kizima ni mashahidi. Hata ubaridi si wa kuigiza: jukwaa la studio lilipozwa hadi pumzi za waigizaji zikaonekana zikitoka mdomoni.

Sasa ulete upana huo kwenye televisheni ya bandani. Picha inakuwa utepe mwembamba katikati ya kioo, na aliyekaa benchi la nyuma hauoni mkono wa mtu aliye pembeni. Hapo sauti ya mtafsiri inashika kazi ya lenzi. Yule kijana, wakati John Ruth, mmoja wa wale wanane, akifoka, alishusha sauti na kusema tu kwamba yule wa pembeni, mwenye kofia, bado hajala. Hakueleza kwa nini tumwangalie. Banda zima likamwangalia. Nadhani mpiga picha mwenyewe, Robert Richardson, angemshukuru.

Halafu kuna sauti zenyewe. Mtu mmoja, kipaza sauti kimoja, na wahusika wanane pamoja na dereva wa gari la farasi. Wasiojua hudhani ufundi ni kubadili sauti: nzito kwa jambazi, nyembamba kwa mwanamke. Aliye hodari habadilishi sauti sana, anabadilisha mwendo. Meja Marquis Warren, anayechezwa na Samuel L. Jackson, alipewa sentensi ndefu zenye vituo, za mtu anayepima. Chris Mannix, ambaye anadai ndiye sherifu mpya wa mji wa Red Rock ingawa hana beji ya kuonyesha, aliongea mbiombio, akijijibu mwenyewe. Daisy Domergue, mfungwa aliyetiwa pingu pamoja na Ruth, na ambaye kichwa chake kina zawadi ya dola 10,000, alisemewa machache, kwa dharau iliyotulia. Baada ya robo saa ungeweza kufumba macho ukajua nani anasema.

Mambo mengine yanahitaji kufafanuliwa, na hapo ndipo wengi huharibu. Warren anatembea na barua anayosema aliandikiwa na Rais Abraham Lincoln. Usipoelewa uzito wa barua hiyo kwa mtu mweusi aliyezungukwa na waliopigania utumwa, nusu ya filamu imekupita. Mtafsiri alisimamisha maelezo yake kwenye sentensi mbili: huyu ndiye rais aliyekomesha utumwa, na barua hii ndiyo inayofanya wazungu wamruhusu apande gari lao. Basi, akarudi kwenye kisa.

Theluji nayo. Angeweza kuieleza kwa mfano wa Kilimanjaro. Badala yake aliwakumbusha watu mafuriko ya Kilosa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulipofurika, maelfu wakahama makwao na reli ya kati ikakatika upande wa Gulwe. Kila mtu wa wilaya hii anajua maana ya safari kukatika na wewe ukalala palipo na paa, pamoja na usiowajua, kila mmoja akiushika mzigo wake. Mfano ulipita haraka, na tangu hapo hakuna aliyeuliza kwa nini hawaondoki.

Nafika mahali ambapo heshima yangu kwa fani hii ilikua. Filamu ina sura sita. Katikati, baada ya mtu wa kwanza kuuawa ndani ya nyumba, inatokea sauti ambayo si ya mhusika yeyote. Ni sauti ya Tarantino mwenyewe. Anatueleza kwamba muda kidogo umepita, kisha anaturudisha nyuma: wakati wote tulipokuwa tukikodolea macho ugomvi, kuna mtu alitia sumu kwenye birika la kahawa, na aliyemwona ni Daisy peke yake. Mwongozaji aliyekwishashinda Oscar mbili za uandishi, alipofika kwenye kiungo kigumu kuliko vyote, aliamua kufanya kile wanachofanya watafsiri wa banda umiza kila jioni. Aliingia ndani ya filamu akasema na watazamaji.

Tena angalia alivyosema. Alitaja sumu, akataja shahidi, akaficha mkono. Huo ndio mpaka wa kazi. Mtafsiri ameshaiangalia muvi kabla yetu, anajua nani ni nani na nyumba ile inaficha nini. Kishawishi cha kuonyesha ujuzi wake ni kikubwa, na nimesikia watafsiri wenye majina wakiiuza siri dakika ya tano ili tu washangiliwe. Kijana wa Malolo aliulizwa kwa sauti kutoka benchi la mbele, ni nani huyo. Akasema hata Warren hajui bado. Kisha akanyamaza, akaacha kahawa imiminwe.

Ukatili ulipofika, na katika filamu hii unafika kwa wingi usiomfaa mtoto, hakuongeza neno. Alipandisha sauti ya filamu, muziki wa Ennio Morricone uliompatia Oscar mwaka 2016 ukasikika ulivyo, na watu wakaona matokeo ya uongo wote waliokuwa wameusikiliza. Damu isiyochelewa haina maana, na yeye alikuwa ameilinda isiwahi.

Suala la hakimiliki ya filamu zinazotafsiriwa hivi lipo na sharti litatuliwe, kwa leseni na malipo ya haki. Lakini ufundi huu usisubiri suala hilo liishe. Kanda za VHS zinaota ukungu, na nyingi zimeshatupwa. Mwenye kanda za Lufufu nyumbani asizitupe. Azipeleke zikahamishiwe kwenye kompyuta. Na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, inayofundisha maigizo na ngoma, iwaite watafsiri hawa wafundishe, wakiwa bado hai na sauti zao zikiwa bado na nguvu.