Rafiki Mwenye Bahati: juu ya sinema "Bob le flambeur"

Wengi wanaosifu sinema "Bob le flambeur", iliyotoka Ufaransa mwaka 1956, humsifu Bob mwenyewe, mcheza kamari. Afazali kuipima kwa njia ya Paulo, kijana anayemfuata, kwa maana ndiye anayelipa deni.

Mtungaji wake, Jean-Pierre Melville, ndiye aliyetengeneza pia "Léon Morin, prêtre" mwaka 1961, juu ya padri kijana wakati wa vita. Hapa anatupeleka Montmartre, mtaa wa Paris, saa za usiku. Bob Montagné zamani aliiba benki, akafungwa. Sasa kazi yake ni kamari tu: karata, kete, mashindano ya farasi, hata nyumbani kwake mna mashini ya kamari ndani ya kabati. Anavaa vizuri, anasema kwa upole. Kamisari wa polisi Ledru ni rafiki yake, kwa kuwa Bob alimwokoa na mauti siku moja. Naye Paulo, mtoto wa rafiki wa Bob aliyekwisha kufa, anamtazama kama baba na kumwiga.

Tukubali yaliyo mema. Bob hana choyo. Anamfukuza Marc, mtu anayekula feza ya wanawake anaowauza, na kumwonya Paulo amwepuke. Anne, msichana anayezurura usiku, anampa pa kulala bila kumdai kitu. Melville hakutuchorea shetani mwenye pembe, na hapo amesema kweli, maana kijana hamfuati mtu mwovu mtupu. Humfuata mtu mwema mwenye kilema, na kupokea wema na kilema pamoja. Bob alijua kumkataza Paulo urafiki wa Marc. Hakujua kumkataza urafiki wa Bob.

Feza inapomwishia, Bob anapanga kuiba franka milioni 800 katika kazino ya Deauville, na anamtia Paulo katika shauri hilo. Paulo, akitaka kuonekana mkubwa, anamfunulia Anne siri. Siri inamfikia Marc, naye Marc anataka kuwapelekea polisi habari. Usiku ule Bob anaingia kazino kuchungulia tu. Alikwisha kuahidi kwamba hatacheza. Anacheza. Anashinda, anashinda tena, mpaka anasahau saa. Anapotoka mbio, polisi wamekwisha kufika, masasi yanalia, na Paulo anakufa mikononi mwake.

Basi tufikiri. Sisi mapadri na walimu wa dini, tukihubiri juu ya kamari, humtaja yule aliyepoteza mshahara, na watoto wake wakalala njaa. Ni kweli. Lakini Bob hakumpoteza Paulo kwa kushindwa. Alimpoteza kwa kushinda. Feza aliyotaka kuiba ilikwisha kujaa mezani pake. Angalikumbuka saa, angaliweza kutoka na kuwaambia vijana warudi kwao. Elimu ya maadili hufundisha kwamba mchezo wa bahati peke yake si zambi. Zambi huingia pale unapokula haki ya mwingine. Haki hiyo si chakula cha watoto tu. Paulo alikuwa na haki ya kukumbukwa saa ile. Chini ya msalaba pia askari walipiga kura juu ya vazi, wasiinue macho kumtazama anayekufa.

Kosa la sinema liko mwishoni. Maiti ya Paulo haijapoa, watumishi wa kazino wanapakia feza ya Bob katika motokari ya polisi, na humo ndani wanafanya mzaha juu ya wakili na miaka ya kifungo. Mtazamaji anacheka. Melville alimpenda mno mtu wake, akamwondolea adhabu pasipo kumdai majuto.

Hata hivyo, ninyi mnaoongoza vijana, waonyesheni sinema hii, mkae nao kuizungumza. Leo wengi wao hubeba karatasi za pari za mpira, na kila kundi lina Bob wake, anayewanunulia wote bia siku aliposhinda. Msiwaulize Bob alipata feza ngapi. Waulizeni Paulo alikuwa wapi, Bob alipokuwa akizihesabu.