Kivuko cha Biskuti

Mwaka 1594 kikosi cha Waingereza kilikuwa kikipeleka chakula kwa wenzao waliozingirwa katika ngome ya Enniskillen, kaskazini mwa Ayalandi. Kilipofika kwenye kivuko cha mto Arney kikashambuliwa na kushindwa, na shehena yake ikatawanyika majini. Tangu hapo mahali hapo pakaitwa Kivuko cha Biskuti. Karibu miaka 400 baadaye, wakulima wa jirani walikuwa bado wanakisimulia kisa hicho wakiota moto jioni, na Mmarekani mmoja, Henry Glassie, aliketi nao akawasikiliza.

Glassie, mtaalamu wa fasihi simulizi, alifika Ballymenone, sehemu ya mashambani wilayani Fermanagh, mwaka 1972, wakati Ayalandi ya Kaskazini ikivuja damu. Kitabu chake, Passing the Time in Ballymenone, kilitoka mwaka 1982 kikiwa na kurasa zaidi ya 800. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na vingi havitaandikiwa hata ukurasa mmoja. Kwangu mimi, unene huo ni hoja yenyewe: hakuna mahali padogo, ila pasiposikilizwa.

Ninachokipenda zaidi ni mpangilio. Wasomi wengi wangeanza na ardhi, mazao na idadi ya ng'ombe. Glassie anaanza na jirani anayeingia jioni bila kualikwa, chai inayomiminwa, ukimya, kisha hadithi. Mashamba yanafuata baadaye, na tunayaona tukiwa tumeshawajua wenyewe. Wazee kama Hugh Nolan hawachukuliwi kama watoa habari tu. Wanaitwa wanahistoria, na wanastahili. Pambano la Mackan la mwaka 1829, ambamo Wakatoliki na Waprotestanti walipigana na watu wakafa, linasimuliwa kwa maneno yaliyopimwa, maana wajukuu wa pande zote mbili bado wanapakana mashamba. Neno moja la hovyo lingeweza kuwa na gharama.

Kitabu hiki kilinisaidia kuelewa kisa kingine. Katika miaka ya 1970 posta iliamua kuwa anwani za mashambani zitumie majina ya barabara na namba za nyumba badala ya majina ya vitongoji. Wakatoliki na Waprotestanti, waliogawanyika karibu katika kila jambo, walisimama pamoja kuyatetea majina hayo, na Fermanagh ikayashikilia. Namba ya nyumba humwelekeza tarishi. Jina kama Kivuko cha Biskuti humwambia mtoto nini kilitokea pale anapovua samaki.

Hata hivyo nina lalamiko. Vita vinasimuliwa zaidi na wanaume. Ellen Cutler, mjane wa Kiprotestanti, amepewa kurasa nzuri mno jikoni kwake, lakini namwona zaidi kama mwenyeji kuliko kama mwanahistoria. Na vijana waliohama kutafuta kazi, ambao kuondoka kwao ndiko kulikoacha viti vitupu kando ya moto, wamebaki pembeni. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki jambo, ila hawakutuambia jambo hilo hukabidhiwa nani vijana wakishaondoka.

Mwaka 2006 Glassie alitoa kitabu kingine, The Stars of Ballymenone, kikiwa na santuri ya sauti za wasimulizi wake, ambao wengi wao walikuwa wameshafariki. Ni zawadi kubwa. Lakini wazee wale walisimulia mbele ya majirani waliokijua kisa, ambao wangeweza kumkatiza msimulizi na kumwambia haikuwa hivyo. Santuri haikatizwi. Ningependa kujua kama leo kuna mtu karibu na mto Arney anayeweza kubishana nayo.