Jamani, Hizi ni za Dola 25?

Jamani, jamani, jamani! Zimenifikia leo mchana, nimezitia masikioni, na hadi naandika haya sijazivua. Zinaitwa 7Hz x Crinacle Zero:2, hedifoni ndogo za waya zilizoingia sokoni mwaka 2023 kwa dola 25 za Marekani, yaani zaidi kidogo ya shilingi 3,000 za Kenya kabla hujalipia usafiri na ushuru. Nimekuwa nikicheka peke yangu chumbani. Huu si muziki wa dola 25!

Nianze na besi, maana ndiyo wateja wanayoiulizia kwanza dukani. Hedifoni nyingi za bei hii zimejazwa besi ya kelele, inavimba, inampanda mwimbaji kichwani na kumziba mdomo. Hii iko chini kabisa, mahali pake, nzito lakini ina adabu. Nikaweka amapiano, ule mngurumo ukaja hadi kwenye taya. Nikasema hapana, hebu tuzitese kidogo: singeli! Midundo zaidi ya 200 kwa dakika, kitu ambacho hedifoni ya ovyo hukigeuza uji. Hapa kila pigo limesimama peke yake, na MC anasikika neno kwa neno. Neno kwa neno, nakuambieni.

Kisha nikahamia Zanzibar, kwa taarabu ya Culture Musical Club. Taarabu ni mtihani mgumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu fidla, akodiani, ganuni na sauti ya mwimbaji vyote vinagombea eneo lilelile la katikati. Nikaifuata ganuni peke yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kuipoteza. Fidla zilipopanda juu zilikuwa na makali ya kutosha kusisimua, hazikuchoma. Halafu “Mario” ya Franco na TP OK Jazz, ya mwaka 1985. Magitaa yale! Moja kushoto, jingine kulia, yanajibizana, na wewe umekaa katikati kama mgeni wa heshima.

Siri ni nini? Ndani ya kila upande mna spika moja tu, ya milimita 10. Moja! Kulikuwa na enzi ya watengenezaji kushindana kwa idadi. KZ walitoa ZS10 yenye spika tano kila upande, kumi kwa jumla, na namba hiyo ya kumi wakaifanya jina. Lakini spika nyingi bila mpangilio ni kwaya bila mwalimu. Sauti ya Zero:2 imepangwa na Crinacle, mchambuzi wa Singapore aliyejijengea jina kwa kupima hedifoni moja baada ya nyingine na kuanika grafu zake hadharani. Zero ya kwanza, ya mwaka 2022, ilisifiwa kwa usafi wake lakini besi yake ilikuwa nyembamba. Hii imeongezewa nyama. Nyuma ya kazi ya namna hii kuna utafiti wa Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, waliowakalisha wasikilizaji na kuwauliza wanapenda sauti ya mpangilio gani. Maarifa hayo sasa yameshuka hadi kwenye bei ya mwanafunzi, na hilo ndilo linalonitia wazimu.

Simu yoyote inazitosha. Kwa omu 32 na desibeli 108 hazihitaji amplifaya. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, tafuta adapta, basi.

Ila tafadhali, msije mkaniambia hazina besi kabla hamjabadilisha vipira! Kipira kisipoziba tundu la sikio, besi yote inavuja nje na kinachobaki ni redio ya mkulima. Zibonyeze kidogo kwa kidole: besi ikiongezeka, kipira chako ni kidogo, chukua saizi inayofuata. Na mdomo wa hedifoni hizi, ule unaoingia sikioni, ni mnene, kwa hiyo mwenye masikio membamba azijaribu kwanza kama anaweza. Uwanja wa sauti nao si mpana. Bendi inapiga karibu na kichwa, haipigi ukumbini. Mimi? Hewala, nimekubali.

Kilichonimaliza kabisa ni waya. Unachomoka! Pini mbili za milimita 0.78 kila upande, saizi ya kawaida inayouzwa na makampuni mengi. Fikirini ni hedifoni ngapi zimetupwa kwa sababu upande mmoja umekufa, na kumbe mara nyingi spika ni nzima, waya ndio umekatikia karibu na jeki. Hapa unanunua waya mpya na maisha yanaendelea. Kwa hesabu ya miaka miwili mitatu, hizi zinaweza kuwa rahisi kuliko zile za barabarani unazonunua upya kila zinapokufa.

Mtaniuliza kuhusu Moondrop Chu II, ya dola 19. Ni nzuri, mwili wake ni wa chuma, inapendeza mkononi, na waya wake pia unachomoka. Mwenye 19 tu mfukoni anunue, asisubiri. Mwenye 25 aje huku, kwa ajili ya hiyo besi. Sasa niacheni, sebene la Franco limeanza tena.