Sayansi Yenye Kiitikio

Kumtungia mtoto wimbo wa sayansi ni kazi ngumu kuliko kumwandikia ukurasa wa kitabu, na anayeimudu anastahili heshima ya mwalimu na ya msanii pia. Mwandishi wa kitabu akiona hajaeleweka huongeza mfano, akapanua aya, akachora mchoro. Mtunzi wa wimbo ana dakika mbili tatu tu. Maneno yake lazima yakae kwenye mdundo, na kwa kuwa mtoto atayaimba mwaka mzima, lazima yawe kweli. Kinachoonekana kwanza ni burudani, lakini kinachoubeba wimbo wa aina hii ni nidhamu ya kuchagua.

Kwamba mahadhi hushikisha mafunzo, Waswahili hawahitaji kuambiwa: wasia wa Mwana Kupona kwa bintiye, mnamo 1858, ulitungwa kwa utenzi. Nchini Marekani, David McCall, mtu wa matangazo ya biashara, alimwona mwanawe akishindwa kukariri jedwali la kuzidisha ilhali nyimbo za roki anazo zote kichwani. Hapo likazaliwa wazo la Schoolhouse Rock!, vibonzo vya muziki vilivyoanza kurushwa na televisheni ya ABC mwaka 1973. Dar es Salaam nayo imetupa Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014 kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, kwa katuni na nyimbo. Watoto wa Morogoro waliotazama kipindi kingine cha watayarishaji haohao, Akili and Me, walipopimwa na watafiti waliwazidi wenzao waliotazama vipindi vingine katika kuhesabu na kutambua maumbo.

Lakini kukumbuka ni nusu tu ya kazi. Umbo la wimbo likilandana na umbo la jambo lenyewe, mtoto hupita kukariri akafika kwenye kuelewa. Chukua mzunguko wa damu. Damu iliyopungukiwa oksijeni huingia upande wa kulia wa moyo, ikasukumwa mapafuni, ikarudi upande wa kushoto imejaa oksijeni, kisha ikasambazwa mwilini na kurejea ilikoanzia. Mtunzi stadi huipa safari ya mapafuni ubeti mmoja na ya mwilini ubeti wa pili, na kiitikio hukiweka moyoni. Mtoto akihesabu viitikio anagundua jambo lililo rahisi kulipita kwenye mchoro: katika mzunguko mmoja damu hupita moyoni mara mbili. Mchora katuni naye, akiwa makini, haipaki buluu damu inayorudi moyoni. Huipa wekundu uliokolea, maana damu ya binadamu haiwi buluu kamwe.

Wapo wanaohofu kwamba kosa likishaimbwa halitoki. Hofu hiyo ina uzito. Wimbo wa Hy Zaret na Lou Singer kuhusu jua, uliotolewa mwaka 1959, unalieleza jua kuwa gesi inayong'aa kwa joto kali. Jua si gesi ya kawaida: ni plazma, na nishati yake hutoka kwenye kitovu, penye joto la nyuzi milioni 15 hivi za Selisiasi, ambako viini vya hidrojeni huungana kuwa heli. Bendi ya They Might Be Giants iliuimba upya, na katika albamu ya Here Comes Science ya mwaka 2009 ikaufuatishia papo hapo wimbo wa pili unaousahihisha. Anayezisikiliza nyimbo hizo mbili hujifunza kuhusu jua, na hujifunza pia kwamba sayansi hujikosoa hadharani.

Wengine wanasema video humzoesha mtoto kukaa akilishwa. Ni kweli, pale inapommalizia kila kitu. Iliyotengenezwa vizuri humwachia kazi: ashike mapigo kwenye kifundo cha mkono, ahesabu, aruke kamba, ahesabu tena. Jaribio hilo halihitaji maabara, na shule isiyo nayo inaweza kulifanya uwanjani leo hii.

Ndiyo maana nyimbo hizi zisiachiwe kila mwenye sauti nzuri na kinanda. Mwanasayansi na mtunzi wakae pamoja, mstari kwa mstari, na malenga wa Kiswahili anayejua mizani alipwe kama anavyolipwa mwandishi wa kitabu cha kiada. Kwa mtoto ambaye bado hajui kusoma, wimbo huo ndicho kitabu chake cha kwanza cha sayansi.