Pongezi kwa Wapiga Gofu wa Mpini wa Mti

Wanastahili pongezi wachezaji wa ridhaa wanaopiga gofu kwa fimbo za kale zenye mpini wa hikori, mti mgumu wa Amerika Kaskazini. Ukitoka mtaa wa Kator, Juba, viwanja vilivyoiona enzi ya fimbo hizo viko kusini: Entebbe, kisha Nairobi, ambako klabu ilianza 1906, na Mombasa, 1911. Waanzilishi wa klabu hizo walishika mti, kwani klabu ya St Andrews, iliyosimamia kanuni za gofu, iliidhinisha mipini ya chuma mwaka 1929 tu. Hata baada ya hapo, mwaka 1930, mchezaji wa ridhaa Bobby Jones alitwaa mataji yote manne makubwa ya wakati wake kwa hikori.

Mpini wa mti hupinda na kujisokota. Anayepiga kwa pupa, mpira humpotea. Haraka haraka haina baraka. Mchezo ukiisha, vichwa vya chuma hupanguswa visishike kutu, na mti hupakwa mafuta ya kitani. Mwaka 2005 mashindano ya dunia ya hikori yalianza huko Scotland. Hongera kwa wanaotunza ufundi huu bila kulipwa. Subira yao inaupa mchezo heshima.