Maksai wachanga kwenye miteremko ya Isongole

Kipupwe kikishashika Isongole, wilayani Rungwe, kuanzia Juni, asubuhi huwa na baridi na sehemu nyingi za mashamba zimeshavunwa viazi. Huo ndio wakati wa kumtia maksai mchanga nirani: jua halimchoshi mapema, hakuna zao la kukanyaga, na mvua za kulimia bado zina miezi kadhaa mbele. Hata hivyo, Rungwe ni nchi ya jembe la mkono. Jozi za maksai utaziona zaidi Kyela kwenye mpunga, au Usangu, na somo la tambarare likipandishwa huku jinsi lilivyo, linakwama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mkoa wa Mbeya ulikuwa na mradi mzima wa kuhimiza wanyamakazi, kwa fedha za Kanada. Mteremko lakini haubembelezwi na mradi.

Tufanye hesabu. Maksai huvuta kwa saa kadhaa nguvu ya takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 300, basi, anamudu kama kilo 30. Mpeleke kwenye shamba linalopanda mita 1 kwa kila mita 5 za mwendo: kuupandisha mwili wake tu kunamdai kilo 60, mara mbili ya mvuto huo, na hujamfunga kitu nyuma. Mnyama mzima aliyezoea atapumzika kisha aendelee. Mchanga atasimama, atapigwa, atalala chini, na hapo atakuwa amejifunza kwamba kulala kunaondoa mzigo. Kumfuta somo hilo ni kazi kubwa kuliko kumfundisha mara ya kwanza.

Kwa hiyo gogo la kwanza liburutwe kwa kukingama mteremko, na liwe dogo kiasi kwamba haliwezi kugoma. Gogo la kilo 40 kwenye udongo mkavu huhitaji mvuto wa karibu nusu ya uzito huo. Wawili wakigawana, ni mzaha kwao. Ndivyo inavyotakiwa. Uzito uongezwe baada ya siku ambazo jozi imeondoka kwa neno moja, bila fimbo.

Alaska, wanaofundisha mbwa wa kuvuta sleji hufuata njia hiyohiyo. Vuli ikiingia na theluji haijaanguka, huwafunga mbwa mbele ya pikipiki ya magurudumu manne, mchanga ubavuni mwa mzoefu. Wana nafuu moja: dereva anaweza kupunguza uzito kwa injini au kuuongeza kwa breki, papo hapo. Mwenye maksai hana breki ya gogo, ndiyo maana uteuzi wa gogo ni nusu ya ufundi wake.

Umri unaofaa ni miaka miwili na nusu hadi minne, akiwa ameshahasiwa. Kamba ya kichwa kwanza, kisha nira tupu, kila mmoja upande wake uleule. Wa kushoto abaki kushoto. Hayo hayana utata mwingi.

Utata uko kwenye nira yenyewe. Ya kulimia huwa na kama sentimita 90 kati ya shingo na shingo. Viazi vilivyopandwa kwa mistari ya sentimita 75 vinataka nira ya sentimita 150 wakati wa kupandishia udongo, ili kila maksai apite mfereji wake na chombo kipite wa katikati. Maksai waliofundishwa kwa nira fupi peke yake, ukiwatenganisha hivyo, husogeleana na kukanyaga tuta. Nira zote mbili zitumike tangu kipupwe, kwa kupokezana, kwenye ardhi tupu.

Wa mwisho kuondoka ni kijana anayetangulia na kamba. Arudi nyuma hatua kwa hatua, kwanza begani, halafu ubavuni, mpaka jozi igeuke mwisho wa shamba kwa sauti ya aliyeshika plau. Wengi humwacha kijana huyo mbele msimu mzima, na kila asubuhi ya kulima inawagharimu mtu wa pili.