Rima hairudishwi nyuma
Bushi ile iliharibiwa na mkono, si na rima. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Mchombe, fundi aligonga vizuri bushi mpya ya konrodi, akalinganisha tundu la oili, akaacha kama 0.1 mm ya kuchongwa kwa rima, chombo cha kumalizia tundu. Hayo yalikwenda sawa.

Kisha rima ikakaza katikati, naye akaizungusha kinyume cha saa. Mliosimama pale mliusikia mkwaruzo. Jino la rima lina makali upande mmoja tu. Mgongo wake umeinamishwa usiguse ukuta. Ukiigeuza, chenga za shaba hunasa kati ya mgongo na ukuta, zikachimba mistari kwenye tundu na kumega makali. Rima ikikaza, endelea kuizungusha kulekule inakokatia huku ukiivuta taratibu. Ikitoka, isafishe, weka oili, ndipo urudi. Tabia ya kurudisha nyuma inatoka kwenye tapu, ambayo hurudishwa kidogo ili chenga zikatike. Rima si tapu.

Akaongeza kosa la pili: akapitisha msasa ndani ya tundu. Hili nimelipigia kelele miaka mingi na sitaacha. Chembe za msasa huzama kwenye shaba, zikabaki humo kusaga pini kila injini inapowaka.

Na wanaodai biti ya drili ya saizi ileile ingetosha, nawajibu tena: biti hutoboa tundu pana kuliko yenyewe, mara nyingi lisilo duara kamili. Tundu la milimita 20 la kiwango cha H7 linaruhusiwa kuzidi kwa 0.021 mm tu. Kazi ya biti ni kutangulia, rima ikamalizia.

Mafundi wa zamani wa Mang'ula, kizazi cha karakana iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA wa 1970 hadi 1975, wasingefanya hivi. Niliowaona mimi waliifuta rima kila ilipotoka na kuilaza peke yake, imepakwa oili. Leo inatupwa debe moja na spana na nyundo.

Bushi ile itolewe, iwekwe nyingine. Rima ikaguliwe jino kwa jino kwanza. Likiwa limemegeka hata moja, bushi mpya itapata mikwaruzo ileile. Na mwenye mashine asikubali kuambiwa kwamba itajilainisha yenyewe. Bushi yenye mistari hailainiki. Inalika, na pini inalika nayo.